Mshauri Asiye na Barua

(Hotuba hii ilisemwa na mwanachama mstaafu mbele ya mkutano wa tawi, siku ya Jumamosi. Waliohudhuria ni askari wa milango, wafagiaji, mafundi, makarani na waongozaji wa wageni katika nyumba za makumbusho. Katibu wa tawi alimwomba aiandike, nasi tunaitoa kama alivyoiandika. – Mhariri)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, na ninyi nyote ndugu wanachama, akina mama na akina baba:

Ahsanteni kwa kuniita. Mtu akisha kustaafu huitwa harusini na matangani, lakini ni mara chache kuitwa kwenye mkutano wa kazi. Ninyi mmenikumbuka, nami nimefurahi.

Katibu amenipa mambo mawili ya kusema. La kwanza ni juu ya kuteuliwa kwa wajumbe wa halmashauri na washauri katika makumbusho ya taifa. La pili ni juu ya kuwaheshimu watu waliotumika miaka mingi. Aliponiambia, nilidhani ni mambo mawili mbali mbali, moja la wakubwa na moja la wadogo. Nilipokaa nyumbani nikayafikiri, nikaona ni jambo moja. Yote mawili yanauliza swali lile lile: ni nani anayehesabiwa kuwa anajua kitu juu ya nyumba hii? Anayehesabiwa kuwa anajua hupewa kiti. Asiyehesabiwa hupewa saa ya ukutani siku anapoondoka.

VITI NA SHERIA

Tuanze na viti. Wengi wetu husikia habari za uteuzi redioni au huona picha gazetini, watu wamevaa suti wamesimama ngazini. Twasema, "Haya, wamekuja wengine," kisha twarudi kwenye ufagio. Hilo ni kosa letu. Yatupasa tujue viti hivyo hutoka wapi.

Makumbusho yetu ya Taifa ina sheria yake, ya mwaka 2006. Lakini juu ya mashirika yote ya serikali iko Sheria ya Mashirika ya Serikali, Sura ya 446, na kifungu chake cha 6 kinaeleza kwa jumla halmashauri iweje. Mwenyekiti huteuliwa na Rais. Mkuu wa shirika yumo kwa cheo chake. Katibu wa wizara inayohusika yumo, na wa Hazina yumo. Halafu Waziri aweza kuteua watu wengine wasiozidi saba. Juu ya hao saba sheria imeweka neno moja ambalo nataka mlishike vizuri: wasiwe waajiriwa wa shirika hilo.

Basi, ndugu, msimlaumu tu mkubwa wa nyumba kwamba hajapata kumweka askari wa mlango katika halmashauri. Sheria yenyewe imefunga mlango huo. Na sheria ina sababu. Halmashauri ndiyo inayomwangalia mkuu wa shirika, na kuangalia fedha. Mtu anayepokea mshahara kwa mkuu huyo asubuhi hawezi kumhoji jioni bila hofu. Sababu hiyo mimi naikubali.

Lakini sikilizeni neno hilo tena: wasiwe waajiriwa. Mstaafu si mwajiriwa. Amekwisha kurudisha funguo na kitambulisho cha kazi, wala hakuna mtu awezaye kumhamisha au kumfukuza. Kile ambacho sheria inakiogopa kwa mfanya kazi, kwa mstaafu hakipo tena. Tena kifungu hicho kinasema juu ya halmashauri. Makumbusho yaweza pia kuwa na kamati za ushauri, za maonyesho, za majengo, za elimu ya watoto wa shule. Kamati kama hizo kazi yao ni kutoa maoni, wala hazishiki fedha. Huko sioni kinachozuia mtu wa kazi kuketi ila mazoea.

MAZOEA HUBADILIKA

Msidhani mazoea hayabadiliki. Nyumba hii ilianza mwaka 1910, na walioianzisha walikuwa wanachama wa chama cha wapenda elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka 1909, nao walikuwa Wazungu. Jengo la sasa la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1930 likaitwa Coryndon, jina la gavana aliyefariki mwaka 1925. Jina hilo lilikaa mlangoni zaidi ya miaka thelathini, hata mwaka 1964, baada ya Uhuru, likaondolewa na nyumba ikaitwa Makumbusho ya Taifa.

Lakini kubadili kibao cha mlangoni ni kazi ya siku moja. Kubadili viti vya ndani kulichukua muda zaidi. Miaka michache baada ya Uhuru halmashauri ilikuwa bado na sura ya zamani. Ikabidi afisa wa serikali aliyesimamia makumbusho, Bwana Joel Ojal, amwagize mwenyekiti wa halmashauri aanze kuwaweka Wakenya. Naamini wakati ule pia walikuwako watu waliosema, "Wakenya wenye ujuzi huo wako wapi?" Leo hakuna awezaye kusema hivyo bila kuchekwa. Basi tukisema sisi kwamba mtu wa kazi naye akaribishwe, mtu akatuuliza, "Ujuzi wake uko wapi?" tusikasirike. Tumjibu kwa mifano.

KAMOYA KIMEU NA WENZAKE

Mfano wa kwanza ni mkubwa, nanyi mnaofanya kazi katika makumbusho mwalijua jina lake. Mwaka 1960 kijana mmoja Mkamba, Kamoya Kimeu, alikwenda Olduvai, Tanganyika, kuwa mchimbaji wa Louis na Mary Leakey. Shule alikuwa amesoma miaka michache tu. Kwao, kama kwetu wengi, kugusa mifupa ya wafu kulikuwa jambo la kuogofya, karibu na uchawi. Alikwenda hata hivyo, kwa sababu alitaka kazi.

Mwaka 1964 aliona taya la kale huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1967 alikuwa bonde la Omo, Ethiopia, na huko pia akaona mifupa ya watu wa kale. Mwaka 1977 makumbusho yetu yalimfanya msimamizi wa mahali pote pa kale katika Kenya. Na mwezi wa Agosti 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, siku wenzake walipokuwa wanapumzika, yeye alikwenda kutembea kando ya mto mkavu. Akaona kipande cha mfupa wa paji la uso, kidogo kama kiberiti, rangi yake moja na vijiwe vilivyokizunguka. Mimi na wewe tungalikikanyaga. Kutoka kwa kipande hicho wakachimba miaka kadha, wakapata mifupa zaidi ya mia moja ya kijana mmoja aliyeishi kiasi cha miaka milioni moja na nusu iliyopita. Ndiye yule dunia nzima inayemwita Kijana wa Turkana.

Ndugu zangu, huo si ubahati. Ubahati huja mara moja. Mtu akiona mara ya pili, na ya tatu, na ya nne, huo ni ujuzi. Nao haukutoka chuo kikuu. Ulitoka katika kutembea juani na kutazama chini, mwaka baada ya mwaka. Wataalamu waliujua, ndiyo sababu walimfanya kiongozi wa kundi la watafutaji.

Je, heshima ilimfikia? Ilimfikia. Mwaka 1985 alipewa nishani ya La Gorce ya chama cha National Geographic, akavishwa na Rais Reagan mwenyewe huko Washington. Mnyama mmoja wa kale wa jamii ya nyani alipewa jina lake mwaka 1995, Kamoyapithecus. Mwaka 2021 chuo kikuu cha Case Western Reserve, huko Marekani, kilimpa shahada ya udaktari wa heshima. Mwaka 2022 akafariki, Mungu amlaze mahali pema.

Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini tazameni: nishani ya Marekani, na udaktari wa Marekani. Nafurahi kwamba watu wa mbali walimwona. Ila nauliza, kijana anayeanza kazi leo, anayekaa mlangoni pale wageni wanapopita kwenda kumtazama Kijana wa Turkana, je, anajua kwamba aliyemwona alikuwa mfanya kazi kama yeye? Kama hajui, ni nani aliyekosa kumwambia? Mkubwa wa kazi peke yake, au chama pia?

Tena Kamoya hakuwa peke yake. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu mashariki ya ziwa, lile linaloitwa 1470, likabishaniwa na wataalamu miaka mingi. Mwaka 1994 Peter Nzube aliona taya huko Kanapoi. Mwaka 1999 Justus Erus aliona fuvu magharibi ya ziwa, nalo likapewa jina jipya kabisa, Kenyanthropus, maana yake mtu wa Kenya.

Tazameni namba ya fuvu la Ngeneo: KNM-ER 1470. KNM ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. ER ni Rudolf ya Mashariki, jina la zamani la ziwa, ambalo liliachwa mwaka 1975. Jina la ziwa limebadilika, na herufi zake zingali ziko. Namba hiyo imemkumbuka mwenye stoo, ikamkumbuka na mwanamfalme wa Ulaya ambaye ziwa lilipewa jina lake. Aliyeinama akaokota hayumo. Simlaumu mtu. Namba ni ya rafu, lazima iwe fupi, na katika maandishi ya wataalamu jina la aliyeona huandikwa. Lakini mtoto wa shule hasomi maandishi hayo. Mtoto wa shule husoma kibao. Basi kila mmoja wenu akirudi kazini Jumatatu avisome vibao anavyovipangusa vumbi kila siku, ahesabu vingapi vina jina la aliyekiokota, aliyekichonga, aliyekifinyanga au aliyekisuka kitu kile. Katibu akipata hesabu hiyo, tutakuwa na jambo la kusema.

MZEE WA FUNGUO

Mfano wa pili ni mdogo, wala hamtausoma kitabuni. Katika nyumba moja niliyofanya kazi, ambayo sitaitaja kwa sababu sikuja kuaibisha mtu, palikuwa na mwenzetu tuliyemwita Mzee wa Funguo. Alianza kwa kufagia, akaishia kuwa mtunza stoo, miaka 31. Alijua mlango upi huvimba wakati wa masika hata usifungike. Alijua siafu hupitia wapi. Alijua ngoma zipi ngozi yake haitaki kuhamishwa na sanduku lipi kitako chake kimeoza.

Mwaka mmoja ukungu uliingia katika masanduku ya nguo za kale na vitu vya ngozi. Ikaundwa kamati ya kutazama jambo hilo. Walikuwa watu wazuri, wasomi. Walikutana mara tatu, wakaandika kwamba makabati ya mbao ni mabovu, yanunuliwe ya chuma. Yakanunuliwa. Masika yakaja, na ukungu ukarudi, safari hii ndani ya chuma.

Mzee wa Funguo alikuwa amemwambia msimamizi wake tangu mwanzo kwamba maji yanatoka juu. Mfereji wa bati nyuma ya ukuta ule ulikuwa umezibwa na majani ya mjakaranda, maji yakishuka ndani ya ukuta pole pole bila kuonekana. Maneno yake hayakupanda ngazi. Mwishowe fundi mmoja alimsikia, wakachukua ngazi ya mbao wao wawili, wakapanda, wakatoa majani debe mbili. Kazi ya nusu siku. Ukungu ukaisha.

Hakuna mwovu katika hadithi hiyo. Kamati haikumdharau mzee. Haikujua tu kwamba yuko. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu mmoja katika kikao kile angaliuliza, "Nani anafagia chumba hicho?" wangaliokoa fedha nyingi na, lililo kubwa zaidi, wangaliokoa nguo ambazo haziwezi kufumwa tena.

Ikafika siku yake ya kustaafu. Tukakusanyika, tukanywa chai na mandazi. Mkubwa akasema maneno mazuri. Mzee akapewa saa ya ukutani na cheti. Tukapiga makofi. Jioni alipokisoma cheti nyumbani na mkewe, akaona herufi moja ya jina lake imekosewa, na mwaka wa kuanza kazi umeandikwa miaka minne mbele.

Mwasema herufi moja ni kitu gani? Kule kwenye malipo jina la cheti halikulingana na la kitambulisho. Miaka minne ya mwanzo haikuonekana. Kiinua mgongo chake kikakaa miezi kumi na minne. Aliuza ng'ombe wawili akingoja. Na katika miezi hiyo hiyo aliitwa kazini mara tatu, kwa sababu kijana aliyeshika nafasi yake hakujua funguo zipi ni za makabati ya zamani. Mara zote tatu alikuja. Mara zote tatu nauli ilitoka mfukoni mwake. Alikuja kwa sababu aliipenda nyumba ile.

Sasa nawauliza: mtu anayeitwa kutoka mbali aje aseme jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua, jina lake nani? Mimi nasema ni mshauri. Alikuwa mshauri wa nyumba ile tangu siku alipojua habari ya mfereji hata siku alipokuja kuonyesha funguo. Alichokosa ni barua ya kumwita hivyo, na kiti cha kuketi, na nauli.

TUFANYE NINI?

Ndugu wanachama, kulalamika ni rahisi. Mimi naleta mashauri manne, nanyi muyapime.

La kwanza: tuanze na kilicho haki yetu tayari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inasema mwajiri lazima ampe mfanya kazi cheti cha utumishi kazi inapokwisha, isipokuwa kama alifanya kazi chini ya majuma manne. Cheti hicho kionyeshe jina la mwajiri na la mfanya kazi, siku aliyoanza, kazi aliyoifanya na mahali pake, na siku aliyoacha. Hiyo si zawadi. Heshima ya kwanza ya mtu aliyetumika ni jina lake liandikwe sawasawa. Basi mjumbe wa chama kazini akae na kila mwanachama mwaka mmoja kabla ya kustaafu, walinganishe kitambulisho, barua ya kuajiriwa na daftari la mshahara. Saa ya ukutani ije baadaye.

La pili: tawi liandike barua kwa wenye uwezo wa kuteua, kwa adabu, kuomba kwamba kila kamati ya ushauri ya makumbusho iwe na mtu mmoja angalau aliyetumika katika nyumba hiyo kwa mikono yake. Na katika halmashauri yenyewe, nafasi zinapokuwa wazi, jina la mstaafu anayefaa lipelekwe pamoja na majina mengine. Tusipeleke jina la rafiki. Tupeleke jina la mtu anayejua, anayeweza kusema bila woga, na anayeweza kunyamaza panapotakiwa kunyamaza.

La tatu: nishani za taifa. Katiba, ibara ya 132, inampa Rais uwezo wa kutoa heshima kwa jina la wananchi na Jamhuri. Majina ya wanaopewa hayashuki kutoka mbinguni; kuna mtu huyapendekeza. Je, sisi tumepata kupendekeza jina? Mimi katika miaka yangu yote sikusikia tawi limefanya hivyo. Chanda chema huvikwa pete, lakini kwanza lazima mtu akinyoshe kidole kile kionekane.

La nne: tawi liwe na daftari lake. Kila mzee anayekaribia kuondoka, kijana mmoja akae naye, aandike anayoyajua: milango, mifereji, siafu, masanduku, na majina ya waliomtangulia. Makumbusho huhifadhi vitu vya watu wote waliokwisha kupita, lakini ujuzi wa wafagiaji wake unatoka mlangoni kila mwaka ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kikombe cha chai.

ONYO

Sasa neno la onyo, maana sitaki kuwadanganya. Kiti kina utamu wake. Nimepata kuona mtu wetu akiwekwa katika kamati, akaonja posho ya kikao, na baada ya miezi sita akawa hatujui tena. Akiulizwa, asema mambo ya kikao ni siri. Yako mambo ya siri, kweli, lakini maji yanayovuja si siri. Tukipeleka mtu, tumpeleke kwa muda, naye arudi mbele yenu kueleza yale anayoweza kuyaeleza.

Onyo jingine: tusikubali nishani iwe badala ya mshahara. Nishani hainunui unga. Mtu akija kujadili mishahara nanyi akawaletea habari za sherehe ya kuwashukuru, mwambieni ahsante kwa sherehe, sasa turudi kwenye mshahara. Heshima na malipo ni miguu miwili ya mtu mmoja.

Nami sisemi kwamba mfagiaji anajua kila kitu. Hesabu za fedha za shirika zataka mtu aliyezisomea. Mifupa ya kale yataka mtaalamu aipime miaka yake. Kamoya hakuipima, aliiona. Lakini isingalionekana, hapangalikuwa na cha kupima. Wote wawili wanahitajiana, na meza moja yaweza kuwatosha.

Kwa hayo machache, Ndugu Mwenyekiti, nashukuru. Umoja ni nguvu.

MASWALI

Baada ya hotuba wanachama waliuliza maswali. Haya mawili Mwenyekiti aliomba yaandikwe.

Dada mmoja mfagiaji aliuliza: "Mzee, mimi ni kibarua. Kila siku jioni naambiwa njoo kesho, na ni mwaka wa pili sasa. Habari za cheti na daftari zanihusu mimi?"

Akajibu: "Zakuhusu kuliko wote, mwanangu. Soma kifungu cha 37 cha sheria ile ile ya 2007. Kibarua akifanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, sheria yaweza kumhesabu kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Usiende peke yako. Andika tarehe zako zote za kazi, na jina la aliyekupa kazi kila siku, kisha mpe Katibu. Hata wachimbaji wa mifupa wengi wao kazi yao ilikuwa ya msimu. Mtu asiyeandikwa popote ndiye husahauliwa kwanza."

Askari mmoja akauliza: "Yule Mzee wa Funguo yu hai? Alipata fedha zake?"

Akajibu: "Yu hai. Alizipata mwezi wa kumi na tano. Ng'ombe hawakurudi. Juma lililopita nilimpigia simu kumwambia nakuja kusema habari zake hapa. Akacheka, kisha akaniuliza kama ule mfereji wa nyuma umesafishwa kabla ya masika. Nikamwambia sijui. Akasema, basi waulize."

Mwenyekiti alimwagiza Katibu aulize. Mkutano ulifungwa saa kumi na moja jioni.